Mayai ya Kuchi na Joto Lililopungua

Naanza kwa jina la Mola, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyositirika, aliyeliumba yai bila mlango wala dirisha, kisha akautia uhai ndani yake na kuutoa kwa saa aliyoikadiria. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na watu wa nyumba yake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Baada ya hayo, wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba madhara yampatayo mtu aghalabu hayatoki mbali. Chawa hamng'ati mtu akiwa ng'ambo ya mto; humng'ata akiwa ndani ya pindo la nguo aliyoivaa. Lakini watu wengi wameigeuza methali hii kuwa rungu la kuwapigia jamaa na majirani. Huitamka midomoni mwao huku macho yao yakimtazama mwingine. Kisa hiki cha Hashim wa Mtopanga, huko Kisauni, kitatuonyesha jinsi mdudu huyo anavyoweza kuwa karibu kuliko tunavyopenda kukiri.

Hashim alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja kisiwani. Alikuwa mtu wa vipimo. Chai yake ilikolezwa sukari kwa kijiko kilichosawazishwa, na rafu alizozipigilia ukutani hazikupinda hata kidogo. Mkewe, Jalila, alikuwa mwanamke mcheshi mwenye ulimi mwepesi, naye alimstahamilia mumewe kwa dhihaka zaidi kuliko kwa machozi. Katika chumba cha mwisho cha nyumba yao alipanga Oduor, kijana kutoka upande wa ziwa, pamoja na mkewe Dorcas na mtoto wao aliyezaliwa papo hapo Mtopanga. Oduor na Hashim hawakuwa mpangaji na mwenye nyumba tu. Walikuwa washirika.

Ushirika wenyewe ulikuwa wa kuangua vifaranga. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda, na ndani ya banda palikuwa na jokofu kuukuu ambalo Hashim alilifanya mashine ya kuangulia mayai. Alilitia balbu, feni ndogo, trei za waya na bakuli la maji ya unyevu, na mlangoni akakata kidirisha cha kioo ili kipimajoto kisomeke bila kufungua. Wanawake wa mtaa walileta mayai yao ya kienyeji, na baada ya wiki tatu wakarudi na makapu kuchukua vifaranga. Oduor alipokea mayai, akayachagua na kuisafisha mashine. Siku za mwanzo joto liliongozwa kwa kirungu: Hashim alitazama kipimajoto, akakizungusha kirungu kidogo huku na kidogo huku, hata joto likatulia. Vifaranga walitoka wakiwa imara, wakalia hata majirani wakalalamika.

Hata hivyo, kirungu hakikumridhisha Hashim. Kukadiria kwa jicho aliona ni ushamba. Akatwaa kompyuta ndogo, akaiunganisha na mashine, akaiandikia programu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuipamba kwa picha wala kwa vitufe vya kubofya. Mtu alikaa mbele ya kioo cheusi, akaandika jina la programu, kisha akafuatisha machaguo yake, kila chaguo likitanguliwa na vistari viwili na kufuatwa na nambari: joto liwe kiasi gani, na trei zigeuzwe mara ngapi kwa siku. Wajuzi wa kuku walikuwa wamemweleza kwamba yai lataka joto la nyuzi thelathini na saba na sehemu saba za kumi. Basi aliandika hivi:

angua --joto 37.7 --geuza 6

Programu ilimjibu kwa kumrudishia maneno yake: "Joto: 37.7. Geuza: 6. Kazi imeanza." Ilijibu kwa adabu, kama mtumishi anayeitika "labeka" kila aitwapo. Hashim alifurahi, akaking'oa kirungu na kukitupa. Na kwa kuwa sasa hakuwa na haja ya kuizunguka mashine kila mara, alimpa Oduor ufunguo wa pili wa banda, ili aangalie mambo wakati yeye yuko kazini.

Mayai ya kwanza yaliyowekwa chini ya programu ile yalianguliwa vibaya. Siku ya kuangua ilifika, ikapita kimya. Vifaranga wachache walitoka wakiwa wamechelewa, wenye miguu ya kuyumba na vitovu visivyofunga. Wengine walikufia ndani ya maganda. Wanawake waliondoka na makapu mepesi, na wakiwa njiani hawakuacha kusemasema.

Oduor ndiye aliyeleta habari ya kwanza. Jioni moja Hashim aliporejea kutoka kazini, alimkuta amesimama mlangoni pa banda.

"Hashim, hebu kuja uone hii kitu," alisema. "Kipimajoto kinasema thelathini na saba tu. Na asubuhi ilikuwa hivyo hivyo."

Hashim alitazama kidirishani, akaona ni kweli. Akaigeukia kompyuta, kioo kilisema 37.7. Mashine imeamriwa, mashine imekiri, na bado joto limepungua. Alisimama pale akiwaza, na katika kuwaza kule shaka ikaingia moyoni mwake kama mchwa aingiavyo kwenye boriti, bila kubisha hodi. Joto halina miguu. Likipungua, basi kuna mlango uliofunguliwa. Na banda lile lilikuwa na funguo mbili tu.

Tangu siku ile Hashim alianza kuyapima maneno na vitendo vya Oduor kwa mizani isiyo ya haki. Oduor akicheka na simu kwa lugha ya kwao karibu na banda, Hashim alijiuliza anacheka nini. Oduor akinyamaza, Hashim alijiuliza anaficha nini. Akakumbuka kwamba Oduor alikuwa na shemeji yake Bamburi, naye shemeji huyo alifuga na kuuza vifaranga. Jambo hilo alilijua kwa miaka na halikumkera. Sasa lilimng'aria machoni kama kipande cha kioo kwenye mchanga. Hata ile hisani ya kumletea habari ya kipimajoto aliigeuza juu chini. Kwa nini awahi kusema kabla ya kuulizwa?

Katika hali hiyo ndipo shangazi yake, Bi Mwanarehema, alipokuja kutoka Likoni na kikapu kilichotandikwa kanga. Ndani yake mlikuwa na mayai ya kuchi, wale kuku warefu wa pwani wenye shingo kavu na vifua vipana. Ukoo wa kuchi wake aliurithi kwa marehemu mamake. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita Likoni na kuacha mabanda matupu. Kwake kilimsaza tembe mmoja, na jogoo aliyempanda alikwisha kufa.

"Shikamoo, shangazi," Hashim alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Haya ndiyo yaliyobaki. Tembe mwenyewe mzito, akiyalalia huyavunja. Yakiharibika, kuchi wa mama wamekwisha. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. Mashine yangu haikosei."

"Mashine haikosei," Bi Mwanarehema alirudia, akimtazama kwa jicho la pembeni. "Na wale vifaranga walemavu walitoka kwa nani? Kwa mganga?"

Hashim alikipokea kikapu. "Yale yalikuwa na sababu yake. Niachie mimi."

Aliyapanga mayai kwenye trei kwa mikono yake, akasoma dua, akaandika amri yake kwa makini, tarakimu kwa tarakimu. Programu ikamwitikia kama ilivyokuwa desturi yake. Kesho yake kipimajoto kilisema thelathini na saba. Keshokutwa pia thelathini na saba. Hashim alihisi damu ikimpanda kichwani.

Mbele ya nyumba palikuwa na baraza ya jirani yao, Mzee Mwinyihaji, mshona kofia, na baada ya sala ya alasiri watu wa mtaa walizoea kuketi hapo. Hashim alitoka ofisini mapema siku hiyo. Alimkuta Oduor barazani akinywa kahawa pamoja na wengine, naye hakungoja hata kutoa salamu.

"Oduor, nipe ufunguo."

"Wa nyumba?"

"Wa banda."

Oduor alikitua kikombe. "Kwani kumetokea nini?"

"Wewe ndiwe wa kunijibu. Mashine nimeiamuru, nayo imekubali. Lakini kila nikitazama, joto limepungua. Mtu hufungua mlango. Funguo ni mbili, wangu na wako, na wangu siku hizi haujanitoka mfukoni."

"Si ni mimi nilikuambia joto iko chini? Ningekuwa nafungua, si ningenyamaza?"

"Huo ndio ujanja wenyewe," Mzee Mwinyihaji alidakia, akitunga uzi kwenye sindano. "Fisi akishamla mbuzi, huwa wa kwanza kuja matangani."

"Mzee, kwa heshima yako, shona kofia," Oduor alisema. "Hii maneno haina kitambaa."

Wachache walicheka. Hashim hakucheka. Kicheko kile kilimchoma, akaona anafanywa kichekesho mbele ya watu wake.

"Shemeji yako wa Bamburi anauza vifaranga," alisema kwa sauti ya juu. "Wangu wakifa, wa kwake wanapata soko. Nilikuweka nyumbani kwangu, nikakupa ufunguo wangu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Nimemvaa chawa mwilini, nami nikidhani ni ndugu."

Mtu mmoja alijikohoza. Oduor aliinuka polepole, akatoa ufunguo kwenye shada la funguo zake, akauweka sakafuni. Hakumpa mkononi.

"Mtoto wangu alizaliwa kwa hii nyumba," alisema, "na Jalila ndiye alimkata kitovu usiku ile mvua ilizuia magari. Leo ndiyo najua jina langu. Asante."

Asubuhi iliyofuata mkokoteni ulikuja, ukapakiwa kitanda, jiko na masanduku. Dorcas alimuaga Jalila akilia. Hashim aliwauliza vijana wa mkokoteni wanaelekea wapi. Alipoambiwa Bamburi, kwa shemeji, alitikisa kichwa kama hakimu aliyepata ushahidi wake.

"Umemwona kwa macho yako akifungua?" Jalila alimuuliza.

"Sikumwona. Lakini si unaona anakokwenda?"

"Aende wapi, Hashim? Baharini?"

Sasa ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja, na Hashim alitaraji joto lipande lenyewe kwa furaha. Alitazama kidirishani. Thelathini na saba.

Shaka ni mnyama asiyeshiba. Ukimpa mtu mmoja amle, atakuomba wa pili. Hashim alijiambia kwamba Oduor amechonga ufunguo mwingine kabla ya kuondoka, na kwamba hurudi watu wakiwa kazini. Akanunua kufuli jipya. Joto halikupanda. Akatandaza unga mwembamba kwenye kizingiti ili uonyeshe nyayo. Unga ulibaki safi kama karatasi, ila kwa njia ya mchwa wawili watatu. Joto halikupanda. Ndipo macho yake yalipogeuka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Jalila, wewe huingia bandani?"

"Ulipokuwa ukinipa ufunguo nikaongeze maji, niliingia. Siku hizi hunipi."

"Ulikuwa ukiufungua mlango kwa muda gani?"

"Kwa muda wa kusema bismillahi na kumimina." Jalila aliacha kuchambua mchele, akamkazia macho. "Hebu ngoja. Leo zamu yangu?"

"Nauliza tu."

"Hata kwa Oduor ulianza kwa kuuliza tu. Ukishatumaliza sisi, utamshika nani? Paka?"

"Paka hana ufunguo," Hashim alijibu, wala hakujua kwamba amesema jambo la kuchekesha hadi Jalila alipoinuka na ungo wake akaenda zake, mabega yakimtetemeka, na Hashim asiweze kutambua kama ni kwa kicheko au kwa kilio.

Bi Mwanarehema alipiga simu kutoka Likoni kuuliza hali ya mayai. Hashim alimweleza habari za Oduor, za kufuli na za unga. Shangazi alisikiliza, kisha akasema, "Hashim, mimi nimekuletea mayai, sikukuletea kesi. Joto limepanda au halikupanda?"

"Halikupanda."

"Basi mwizi wako bado yumo ndani. Mtafute upesi, kuchi wangu wanakufa."

Naye Mzee Mwinyihaji, alipoona jirani yake amekonda kwa fikira, alimwita kando na kumnong'oneza kwamba huenda jambo hili si la mlango wala la ufunguo. Kuna jicho la hasidi, na kuna viumbe wasioonekana ambao hupita ukutani. Hashim aliondoka. Alikuwa amewashuku walio hai wote waliomzunguka. Kuwashuku na majini kulimwonyesha kwamba amefika ukingoni.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, alichukua kiti, akakiweka ndani ya banda, akafunga mlango kwa ndani kwa kufuli na kuketi. Alikitazama kipimajoto kama paka atazamavyo tundu la panya. Jua likapanda, mabati yakaanza kulialia, jasho likamtiririka. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyegusa. Mlango wa mashine haukufunguliwa hata kwa upana wa unywele, na zebaki ikakaa kwenye thelathini na saba, imetulia kama mtu aliyelala usingizi wa haki.

Kama joto lingekuwa linavuja, alifikiri, lingepanda na kushuka. Hili halikuwa linashuka. Lilikuwa limekaa pale pale, kama kwamba ndipo lilipoamriwa kukaa.

Alikaribia kompyuta. Akaandika amri upya, akaweka joto 37.9. Programu ikaitika: "Joto: 37.9." Alingoja. Zebaki haikusogea. Akaandika 38. Balbu ziliwaka, feni ikavuma, na haukupita muda zebaki ikaanza kupanda, ikafika thelathini na nane barabara na kusimama. Akaandika 38.5. Programu ikaitika: "Joto: 38.5." Balbu zilizimika. Zebaki ilibaki kwenye thelathini na nane.

Akairudisha chini haraka asije akayapika mayai, kisha, kwa hasira na kwa hofu ya yale aliyokwisha kuanza kuyaelewa, akaandika upuuzi: --joto 37.kuku. Programu ilimjibu kwa adabu ile ile, "Joto: 37.kuku. Kazi imeanza."

Hashim aliifungua programu yake na kuisoma mstari baada ya mstari. Hakuhitaji kusoma mbali. Chaguo la kwanza alilolitengeneza lilikuwa lile la kugeuza trei, na hapo aliieleza programu kwamba thamani itakayopokewa ni nambari kamili, kwani trei haigeuzwi mara sita na nusu. Mstari ule ulimpendeza. Alipofika kwenye chaguo la joto aliunakili kama ulivyo, akafuta "geuza", akaandika "joto", akaenda kunywa chai. Aina ya nambari hakuibadili. Basi kila alipoandika 37.7, programu ilisoma tarakimu za mwanzo, ikafika kwenye nukta, ikasimama, na yote yaliyofuata nukta ikayatupa, yawe saba au yawe kuku. Haikulalamika. Haikumwambia "sikuelewa". Na lililo baya zaidi, kwenye kioo ilimwonyesha maneno aliyoyaandika yeye, si nambari ambayo yenyewe iliitumia. Ilimwambia alichotaka kusikia, kama wafanyavyo wapambe wa mfalme mjinga.

Na aliyeifundisha kusema hivyo ni nani? Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ndani ya banda lililofungwa kwa kufuli lake, na ufunguo wa pekee ukiwa mfukoni mwake.

Aliurekebisha mstari upokee nambari yenye desimali, akalirekebisha jibu la programu litaje joto inalolifuata kwa kweli, akaandika tena 37.7. Zebaki ilisogea juu kidogo, ikatua mahali pake. Alipotoka nje jua la adhuhuri lilimpiga usoni, na Jalila alikuwa akianika nguo.

"Umemshika?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimemshika."

"Nani?"

"Mimi."

Jalila aligeuka. Ulimi wake ulikuwa tayari, maneno yalikuwa mengi, lakini alipouona uso wa mumewe aliyameza yote isipokuwa moja.

"Na Oduor?"

Hashim hakusubiri chakula. Alikwenda Bamburi akauliza hadi akafika kwa shemeji yake Oduor. Alimkuta Oduor kwenye banda la kuku akizoa maranda.

"Hodi," alisema.

Oduor alimtazama juu ya koleo. "Umekuja kukagua kama nimehamisha joto?"

Hashim alimweleza yote bila kujipunguzia: mstari alionakili, nukta, unga, na hata ile 37.kuku. Oduor alisikiliza akiwa ameegemea koleo.

"Kwa hivyo uliandika saba, na yeye akakata?"

"Akakata, akatupa, akaniambia ndiyo."

"Na mimi nilikuambia hapana, nikaitwa chawa."

Hashim aliinamisha kichwa. "Naomba radhi, ndugu yangu. Nimekudhulumu."

Oduor alilisimika koleo kwenye maranda, kuku wakipekua miguuni pake. "Hashim, hapa Bamburi hakuna mtu alisikia ukinitukana," alisema. "Hapa huna deni la radhi. Kama unataka kuniomba, niombe pale pale uliponivua nguo."

Ombi lile lilikuwa zito kuliko jiwe la machimbo. Kukiri kosa faraghani ni jambo jepesi; kukiri barazani, mbele ya macho yale yale, ni kumeza mwiba wa samaki mbele ya wageni. Hata hivyo Hashim alikubali, na Oduor alipokuja Mtopanga siku waliyoahidiana, baraza ya Mzee Mwinyihaji ilikuwa imejaa. Bi Mwanarehema naye alikuwepo, amekuja kuwatazama kuchi wake.

Hashim alisimama. Hakuketi, wala hakuzungusha maneno.

"Jamaa zangu, hapa nilimwita Oduor chawa. Nilisema hufungua mlango, nikasema anataka kuniangamiza. Hayo yote yalikuwa uongo. Joto nililipunguza mimi, kwa mkono wangu, kwa programu niliyoiandika mwenyewe na kujisifia kwayo. Mwenzangu alinieleza ukweli tangu siku ya kwanza, nami nikaufanya ukweli wake ushahidi dhidi yake. Oduor, nakuomba radhi mbele ya walionisikia."

Sindano ya Mzee Mwinyihaji ilisimama katikati ya kofia. "Laa ilaha illallah," alisema. "Basi na mimi nilikuwa nimemleta fisi matangani pasi na haja. Kijana, nisamehe na mimi. Fisi wangu nimemfunga."

"Mzee, mshonee kofia atulie," Oduor alisema, na safari hii baraza nzima ilicheka, na Hashim akathubutu kucheka nayo.

Kicheko kilipotulia, Oduor alimpa Hashim mkono. "Nimekusamehe, na hawa wote ni mashahidi. Lakini sitarudi kukaa hapa. Ukitazama mlango tu, nitajiuliza unahesabu nini. Wacha tusalimiane kutoka mbali kidogo, ndiyo tuendelee kusalimiana vizuri."

Hashim alitaka kumsihi, akaacha. Alijua kwamba jambo hilo lilikuwa la haki, na kwamba joto lililomtoka rafiki halirudi kwa kusahihisha mstari mmoja.

Mayai ya kuchi yalichelewa kidogo, kisha yakaanguliwa. Mengine yalikuwa yameharibika katika zile siku za shaka, wala hayakuonekana yakigonga ganda. Lakini waliotoka walitoka wakiwa imara, wenye shingo ndefu na sauti za ugomvi, na ukoo wa kuchi wa Likoni haukukatika. Bi Mwanarehema aliwatazama kwa furaha. Walipokomaa kiasi cha kumjua jogoo na tembe, aliwachukua wawili, akawatia katika kikapu, akaenda nao Bamburi.

"Wewe huna ukoo na mimi," alimwambia Oduor, "na kuchi wa mama hawakuwahi kutoka nje ya ukoo. Lakini nimeona nyumba moja haitoshi kuwatunza. Siku wakiharibika kwa Hashim, nijue kwako wamo."

Oduor alikipokea kikapu kwa mikono miwili.

Na programu ya Hashim ingalipo Mtopanga hadi leo. Ukiiandikia upuuzi, haikuitikii tena "labeka". Inakukatalia papo hapo na kukuambia neno gani hailielewi. Jalila husema kwamba katika nyumba ile imekuwa na akili kuliko mwenyewe, naye Hashim humwachia aseme.

Mola awarehemu waliotutangulia, awape afya na maelewano waliobakia, wenyeji na wageni, wa Kisauni, wa Likoni na wa Bamburi. Azilinde nyumba zao na dhana mbaya, azidumishe salamu baina yao hata kama ni za mbali, na atujaalie sote kuupekua upindo wetu kabla hatujanyoosha mkono kwenye nguo ya mwenzetu, kwani kikulacho ki nguoni mwako.